Ng'onda Kwenye Shanta

Majina yote ninayo kichwani, ya watu na ya mahali, mpaka la dereva aliyetuchukua uwanja wa ndege siku niliyoingia Marekani. Hapa la mtu sitataja hata moja. Wenyewe wako hai, na hili jambo lina aibu yangu ndani yake.

Mjukuu wangu ni nesi, anakaa Missouri City. Mimi nakaa Carrollton kwa mwanangu, baba yake. Mwaka jana, majani yalipoanza kugeuka rangi, alikuja kwetu na shanta kubwa akasema anakwenda Kolorado kutembea milimani, wiki tatu, kwa miguu, peke yake. Nikamuuliza nani anayemfukuza.

"Hakuna, Bibi. Napumzisha akili."

"Akili gani inapumzika ukiibebesha nyumba mgongoni?"

"Wivu huo, mke mwenzangu. Sema na wewe unataka kuja."

Baba yake hakucheka. Alikwishamkataza kwa simu mara mbili, akaona amepoteza maneno.

Shanta lile alilipima kwa mizani ya kutundika. Mswaki ameukata mpini, sabuni ameigawa nusu. Nilikuwa nimempikia visheti na nimemkaushia nyama, akavirudisha mezani kimoja kimoja. "Siwezi, Bibi. Kila gramu naihesabu." Chakula alichobeba ni unga unga wa pakiti, unamwagia maji ya moto, kama cha mtoto anayeachishwa ziwa. Kwetu msafiri hatoki nyumbani hivyo. Mtu akifika njiani akazimia kwa njaa, anayeulizwa ni aliyebaki jikoni.

Basi nikafanya la kwangu. Nilikuwa na ng'onda wa papa, mkavu mkavu, niliyeletewa kutoka Unguja. Nikamkata vipande vidogo, nikavifunga mifuko ya plastiki mitatu, mmoja ndani ya mwingine, nikavishonea katikati ya mto mdogo wa pamba. Halafu nikaufukiza udi mpaka chumba kizima kikajaa moshi, ili harufu ya samaki isijulikane. Mto ule aliupokea. Aliunusa, akafumba macho, akasema, "Huu nauchukua, hata ukiwa mzito." Nia yangu ilikuwa siku ya sita, akiteremka kwenye kijiji cha kununua vitu akatupigia simu, nimwambie: fumua mto, kula ng'onda.

Alikuwa na kidude cha setilaiti. Mchana hukizima; kila alasiri akifika pa kulala anakiwasha, anabonyeza, na kwenye simu ya baba yake panatokea doa. Kabla hajaondoka alinisomea vituo vyote. Kusoma sijui sana, niliishia darasa la pili, lakini jina likitajwa mbele yangu mara moja limekaa. Kwa hiyo kila nikimaliza kuswali alasiri, mwanangu anatazama doa, mimi nataja kituo. Siku ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu sawa.

Siku ya nne asubuhi nilikuwa nachukua maziwa. Kwenye mlango wa friji mjukuu wangu alibandika karatasi ya Kiingereza, nimeipita siku zote hizo kama ninavyopita kalenda. Sijui kilichonituma. Nikamwambia mwanangu, "Hebu nisomee hii."

Akasoma huku anakunywa chai. "Ni sheria za huko mlimani, mama. Usiwashe moto ovyo. Usinywe maji bila kuchuja. Usilale na chakula ndani ya hema." Akapuliza chai. "Chochote chenye harufu, hata dawa ya meno, kitundikwe mtini mbali na unapolala. Msimu huu dubu wanakula mchana kutwa, wanajaza mwili kabla ya kulala miezi yote ya baridi. Wanasikia harufu kutoka maili nyingi."

Nikakaa chini.

"Hata kama imefungwa plastiki?"

"Dubu, mama, si paka."

Nasema ukweli, nilimficha saa nzima. Nilikosha vyombo vilivyokwishakoshwa. Nilijiambia, leo siku ya nne na hajadhurika, zimebaki mbili atafika kijijini. Lakini kila nikifumba macho naona kichwa chake kimelalia samaki, na udi juu yake, kama nimemtayarisha mwenyewe nikamweka sahanini. Yule mtoto mimi ndiye niliyemkanda tangu siku ya saba.

Nikamfuata mwanangu sebuleni. "Kwenye mto wake nimeshona ng'onda."

Hakuelewa. Nikarudia. Akaweka simu chini, akanitazama kama hanijui.

"Mama. Kwenye mto? Anapoweka kichwa?"

"Ndiyo."

Kama angepiga kelele ingekuwa nafuu. Aliandika ujumbe kwenda kwenye kile kidude, akanisomea: *Fumua mto wa Bibi. Kuna samaki ndani. Utundike mbali. Jibu upesi.* Kisha tukakaa tunaitazama simu. Alasiri ikaingia. Doa likatokea, mwanangu akashusha pumzi, akataja mahali.

"Hapo sipo," nikasema.

"Vipi sipo?"

"Leo ilikuwa alale kwenye ziwa." Nikamtajia jina lake. "Hapo ulipotaja amepapita jana mchana. Amerudi nyuma."

Akapanua ramani kwa vidole, akahesabu. Kweli alikuwa amerudi nyuma. Mtu hageuzi njia bure. Akaanza kutafuta namba ya waokoaji wa wilaya ile. Akakosea tarakimu mara mbili. Mimi nilikuwa nashika tasbihi bila kuihesabu.

Namba haijaanza kuita, ujumbe ukaingia. *Niko salama. Nimeteremka barabarani, nimepata lifti ya kijijini. Nikifika napiga.*

Karibu na magharibi akapiga. Baba yake akaweka sauti kubwa.

"Bibi yuko hapo?"

"Nipo, mama."

"Dubu amekuja asubuhi, sijakunja hema. Mimi niko mtoni nachota maji, yeye yuko kwenye hema langu. Amelichana lote. Shanta hakuligusa, Bibi. Ameuchukua mto tu, akakaa pale, akaufumua kama mshonaji. Nimesimama nyuma ya jiwe sijui saa ngapi. Nikajiuliza, dubu huyu anataka nini na udi? Mpaka niliposoma ujumbe wa baba. Ingekuwa usiku ningekuwa nimeulalia."

Kwetu mkubwa hamwombi radhi mtoto aliyemwogesha. Humpikia kitu kizuri, yakaisha. Hapa pa kupika hapakuwapo.

"Nisamehe, mwanangu," nikamwambia.

Nikasikia gari linapita kule aliko.

"Nishakusamehe. Lakini ukitaka kunipa kitu, Bibi, nipe mkononi. Nikikataa, kubali."

"Nitakubali."

Baba yake akaingilia: hema limechanika, kesho arudi nyumbani, tiketi analipa yeye. Mjukuu wangu akasema hapana, dukani kuna hema, atanunua, kesho kutwa anapanda tena. Wakavutana. Mwisho mwanangu akanigeukia, akaziba simu kwa kiganja. "Mwambie wewe. Wewe anakusikia."

Nikatikisa kichwa kukataa, nikamwambia nimekwishamwahidi, nikainuka kwenda kutawadha.