Mtangazaji wa Pili

Maneno yenyewe yalikuwa mafupi. Binti yetu alipokonya mpira katikati ya uwanja, akachomoka nao, na yule mtangazaji wa hoki kwenye televisheni akacheka kidogo. Akasema hawa wasichana kutoka Afrika Mungu amewapa miguu, kazi ya kufikiria wawaachie wenzao. Mtangazaji mwenzake alikohoa. Mechi ikaendelea.

Kutoka Afrika! Mtoto nilimzaa hapa hapa Sydney, hospitali ya Westmead, na Nairobi ameiona mara moja tu, tena akaumwa tumbo mpaka siku ya kurudi. Nilikuwa kwenye kochi nyumbani Lidcombe, sare yangu ya unesi bado mwilini, chai inapoa mkononi. Mume wangu aliruka akasimama. "Umesikia? Umesikia alichosema huyu mjinga?" Nilisikia. Majirani nao walisikia, kwa jinsi alivyokuwa akipiga kelele.

Wiki iliyofuata ilinichosha kuliko kazi. Simu hazikukatika. Wakenya wa kanisani walifungua kundi la WhatsApp, likapata mwenyekiti na katibu kabla ya kupata la kusema. Jirani yetu Mkongo, mama mmoja anayefanya kazi na mume wangu kwenye ghala moja kule Smithfield, alikuja na bakuli la maandazi, akaketi, akashika shavu, akauliza kwa Kiswahili cha kwao chenye Kifaransa ndani. "Mais mama, ule mutu iko na adabu kweli?" Mtangazaji mwenyewe aliomba radhi hewani, ile radhi ya kusema kama kuna mtu aliyekwazika. Kama! Klabu nayo ikapiga simu kuuliza iwapo binti yetu angekubali kupigwa picha akimpa mkono. Binti alisema hapana, akabeba mkoba wake, akaenda mazoezini.

Yeye alikuwa na lake linalomkosesha usingizi, na katika kelele zote zile hakuna aliyemuuliza. Alilisema mwenyewe siku moja tukila, kwa Kiingereza kama kawaida yake. Wateuzi wa timu ya jimbo walikuwa wamemwona. Kocha alitaka jibu: apeleke jina lake kama mchezaji wa pembeni, kazi yake kukimbia, au wa katikati, anayepanga mchezo? Tangu utotoni moyo wake uko katikati. Lakini tangu siku ile shaka ilikuwa imemwingia. Huenda yule mtu aliona kitu ambacho wengine wanaogopa kumwambia. Akamgeukia baba yake, ambaye alicheza hoki shule ya upili na haachi kutukumbusha hata siku moja. Akamuuliza, sasa kwa Kiswahili, "Baba, wewe unaonaje?"

"Ngoja nione mechi ya Jumamosi, mama," akamjibu. Anamwita mama kwa sababu binti amebeba jina la bibi yake, mama mzazi wa mume wangu. "Nitakuangalia vizuri, halafu nitakwambia."

Jumamosi sote wawili tulikuwa kazini, kwa hiyo tuliitazama mechi Jumapili baada ya ibada, ikiwa imerekodiwa. Na kwa sababu mume wangu hawezi kutazama kitu peke yake, sebule ilijaa watu. Nilipika pilau tangu alfajiri. Binti alikaa kwenye mkono wa kochi, sahani mapajani, bila kula.

Mechi ilipoanza na ile sauti ikasikika, mume wangu akanyakua rimoti akaizima sauti. "Huyu hasemi neno ndani ya nyumba yangu!" Watu wakapiga makofi. Akaingia jikoni, akarudi na mwiko wangu, wali bado umeung'ang'ania, akauweka mdomoni kama maikrofoni, akaanza kutangaza mwenyewe, kwa mbwembwe zile za redio tulizokulia. Haki ya Mungu, alikuwa mzuri. Mama jirani alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Hata mimi nilicheka, na nilikuwa nimeapa kununa mpaka wageni waondoke.

Kisha binti yetu akapata mpira katikati. Kwenye televisheni alisimama, akainua kichwa, akatazama huku na huku.

"Anafanya nini huyu? Anafikiria!" mume wangu akapaza sauti, mwiko juu. "Mama, usifikirie! Kimbia! Hiyo miguu ulipewa ya nini? Kufikiria waachie wenzako!"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Niligeuka kumtazama binti. Alikuwa ameshaweka sahani chini.

"Kwa hiyo jibu ndilo hilo, Baba," akasema.

Hakupandisha sauti. Alichukua funguo za gari mezani, akapita katikati ya magoti ya wageni akiomba radhi kwa kila mmoja, akatoka. Tulisikia gari likiwaka. Mume wangu alibaki amesimama. "Ala, si nilikuwa natania? Ni nini sasa? Siku hizi hatutaniani?" Mama jirani alianza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

Mimi nilikuwa nimechoka. Nimechoka na mtangazaji, na mwenyekiti na katibu wake, na huyu wangu mwenye mwiko. Nilimnyang'anya rimoti, nikairudisha mechi nyuma kidogo. "Kaa. Tazama."

Akakaa. Binti yetu alisimama, akainua kichwa, akatazama huku na huku. Kisha akapenyeza mpira katikati ya watu watatu, ukamfikia mwenzake aliyekuwa peke yake mbele ya goli, mahali ambapo sisi kwenye kochi tulikuwa hatujamwona mtu. Goli. Wenzake wote wakamkimbilia yeye, sio mfungaji. Mara ya kwanza hakuna aliyeliona sebuleni, tulikuwa tukicheka.

Mume wangu alinyoosha mkono akachukua rimoti, akarudisha, akatazama tena. Akarudisha tena. Wageni waliaga mmoja mmoja kwa sauti ya chini, na yeye hakuinuka kuwasindikiza.

"Mpigie," nikamwambia.

Alitoa simu mfukoni, akafungua, akaliangalia jina la binti kwenye kioo, jina lile lile la mama yake mzazi. Mwiko bado ulikuwa mkono wa pili.

"Nimwambie nini?" akaniuliza.