Komwe za Mzee Mbonde

Siku ile klabuni Ikwiriri walikuwepo Mzee Mbonde, mkata mikoko. Saidi na Hamisi, waliosubiri kucheza bao. Tajiri wetu, aliyelala nyuma ya kaunta. Na mimi, mhudumu pekee, ninayewalea wadogo zangu watatu tangu wazazi wafe.

Tajiri alikuwa bahili. Wacheza karata waliweka dau kwa komwe, mbegu zile zile za bao, kila moja thumni; tajiri ndiye aliyewauzia na kuzilipa mwishoni. Mzee Mbonde aliwafilisi wenzake wa karata, wakaondoka. Naye akaliacha rundo lake mezani, akaenda msalani, nami nikadhani ameshalipwa.

"We bwana, komwe zingine ziko wapi? Tumeota mizizi hapa!" Saidi akafoka.

Nikalimimina rundo lote kwenye bao, likachanganyika na komwe zilizokuwamo, nikafuta meza kwa madaha.

Mzee akarudi. "Mwanangu, komwe zangu?"

"Nimeshakusafishia, mzee," nikajibu nikitabasamu.

Hamisi akaangua kicheko. Tajiri akazinduka.

"Zilikuwa ngapi?"

"Arobaini," akasema mzee.

Sikuwa nimezihesabu. Tajiri akamlipa, kisha akaninyooshea kidole mbele ya wote.

"Utalipa wewe, uliyevuruga hesabu."

Tangu hapo anakata nusu ya mshahara wangu, na nyumbani tunakula mara moja kwa siku. Katika deni la shilingi ishirini, zimebaki kumi na moja.