Matundu Aliyoyaziba Semen

Kila vuli, majani yakishapukutika, watu wa nyika ya Saskachewani huzivika nyumba zao. Hupanga marobota ya mabua kuzunguka msingi, hutandaza nailoni madirishani, hushindilia matambara kila penye ufa, ndipo huingoja theluji kwa moyo mtulivu. Vuli ile, miezi mitano baada ya kumzika mkewe Yevdokha, Semen Dutchak aliivika nyumba yake. Kisha akachukua nyundo, akaenda kulivika na banda la kuku.

Chini ya paa la banda hilo palikuwa na matundu mawili marefu, moja kila upande. Yevdokha hakuyaziba kamwe, hata baridi iume vipi. Kwa miaka thelathini na mmoja Semen alimcheka: "Unaipasha mbingu joto, mama." Naye akimjibu: "Wewe kalale na trekta lako, kuku niachie mimi." Sasa wa kumjibu hakuwepo. Semen akapigilia mbao juu ya matundu yote mawili, akashindilia matambara pembeni.

Teklya, mjane wa shamba la pili na shoga wa marehemu, alipita na kabichi mkononi, akasimama.

"Shemeji, hilo banda au jeneza?"

"Nyumba ya joto, Bi Teklya. Wenye manyoya nao husikia baridi."

"Mwenzangu hakuyaziba."

"Mwenzako alikuwa na maneno. Mimi nina nyundo."

"Nyundo unayo. Na kichwa unacho, kigumu kuliko cha msumari."

Akamwachia kabichi, akaenda zake. Semen alicheka peke yake, akajiona ameshinda. Kushinda mabishano na marehemu ni ushindi wa aibu, lakini mshindi mwenyewe huwa wa mwisho kulijua hilo.

Kuku wale walikuwa matetea kumi na wawili na jogoo mmoja, wa madoa ya kijivu, wa mbegu iliyoanzishwa na mama yake Yevdokha. Wilaya nzima hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Alipokuwa kitandani hajiwezi, Yevdokha aliomba jambo moja tu: mbegu ile isipotee. Semen akaapa. Binti yao alikuwa ameolewa mbali, ng'ombe walikwisha kuuzwa, na katika shamba lile chenye uhai kilikuwa yeye na kuku. Siku nyingine sauti yake mwenyewe aliisikia bandani tu.

Januari ikaingia na digrii thelathini na nane chini ya sifuri. Semen alipoona sakitu, ile barafu nyembamba, imeota kwenye kidirisha cha banda, upande wa ndani, aliongeza nailoni. Akawa anafungua mlango mara moja tu kwa siku, anasukuma chakula na maji upesi, anafunga asiwatolee joto. Hakuwatazama. Wako wengi wanaopenda kwa namna hiyo, wanafunga milango na kuita huko ni kutunza.

Tarehe sita ni mkesha wa Noeli kwa watu wake, wanaofuata kalenda ya kale ya kanisa, na siku hiyo mnyama hula kabla ya binadamu. Mwenye nyumba hupeleka bakuli la ngano iliyopikwa kwa asali na mbegu za popi, akawalisha wanyama na kuwaombea heri, kwani husemwa kwamba usiku ule hupewa ulimi wakamshtaki bwana wao kwa Mungu. Semen aliipika ngano mwenyewe, ikashika chini. Akatandika mezani sahani mbili, yake na ya marehemu. Nyota ya kwanza ilipochomoza, akachukua bakuli na taa.

Akafungua mlango wa banda, safari hii wazi kabisa, akaingia.

Harufu ya kinyesi ilimchoma macho yakatoka machozi. Kuta zilikuwa nyeupe kwa barafu, na dari ikidondosha matone juu ya migongo ya kuku. Tetea mmoja alikuwa amekufa chini ya fito za kulalia. Jogoo alikuwa amejikunyata, upanga wake wa kichwani, uliokuwa mwekundu, umekuwa mweusi kuanzia nchani hadi katikati, na vidole vimevimba. Alimwona Semen, hata hakusogea.

Semen aliweka bakuli chini, akakimbilia simu.

Teklya alifika akiwa na kilemba cha sikukuu chini ya koti. Hakutukana. Alifukua mabua ya sakafuni, akamwekea mkononi.

"Kamua."

Semen akakamua. Maji yakatiririka.

"Hiyo ni pumzi yao na mavi yao, shemeji. Haina pa kutokea. Inawalowesha, halafu baridi inakuta maji tayari. Kuku mkavu huvumilia baridi hii. Aliyelowa huungua kwa baridi."

"Nikizibua sasa hivi watakufa wote."

"Usipozibua je?"

Semen akachukua mtaimbo, akapanda kwenye ndoo, akang'oa mbao alizozipigilia mwenyewe. Upepo ukapita juu, mbali na fito, na mvuke ukaanza kutoka kama moshi. Walizoa mabua yote, wakatandaza makavu. Teklya alimpaka jogoo mafuta taratibu, akamkataza Semen kumsugua au kumpeleka jikoni.

"Atapona?"

"Huenda akaishi. Ila jogoo aliyeungua hivi, mara nyingine mbegu yake hufa. Utajua mayai yakiatamiwa." Akajifuta mikono. "Twende kwangu ukale, wajukuu wapo."

"Nimeshatandika meza."

Teklya alifunga koti lake, akarudi kwa wajukuu. Semen alikula ngano iliyoungua mbele ya sahani tupu. Maneno ya kuomba radhi alikuwa nayo, lakini alikuwa amechelewa nayo miezi minane.

Asubuhi kuta zilikuwa zimeanza kukauka, na matetea wanachakura. Jogoo aliishi. Upanga wake ulikatika vipande vipande. Hakuwika mpaka Machi.

Mwezi wa nne tetea mmoja alianza kuatamia, Semen akamwekea mayai kumi na matatu. Siku ya nane, jioni, aliyatoa moja moja akayainua mbele ya taa. La kwanza jeupe, halina uhai ndani. La pili jeupe. Mpaka la tisa, yote meupe. La kumi lilikuwa na doa jeusi katikati na mishipa myekundu inayotambaa pande zote, na lile doa likacheza.

"Yevdokha!" aliita, akageukia mlangoni.

Hakuna aliyekuja. Akalirudisha yai chini ya tetea kabla halijapoa, akachukua la kumi na moja.