Mwezi Mama Alipotamani Baridi

Ndengu zinapopurwa juani hutoa vumbi lenye harufu tamu, vumbi linalokaa kooni, na kwetu Mutomo harufu hiyo ndiyo iliyotangaza kwamba mvua imekwisha na kiangazi kirefu kimeingia. Nilikuwa msichana wa darasa la nne. Mwaka huo mimi na mama tulipura bila maneno. Miezi michache nyuma, mdogo wangu Mutinda, mtoto ambaye hata kukaa hakuwa amejua, alikuwa amefariki kwa homa, na tangu tulipomzika, mama aliishiwa na maneno. Alipika, alifua, Jumapili alikaa nasi kwenye benchi la kanisa, lakini hakuimba. Ukimwuliza jambo alikujibu kwa neno moja. Akina mama wa kanisa walikuja kumwombea wakaondoka wakitikisa vichwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, nami niliungoja mshindo huo kwa hofu.

Jioni moja tulikuwa tukila muthokoi, yale mahindi ya kukoboa yaliyopikwa na maharagwe, mama akaweka sahani chini. "Nataka kusikia baridi," akasema. Baba aliacha kutafuna. "Baridi gani?" "Ya nyumbani. Mwezi huu ukungu wa Nunguni unashuka mpaka mlangoni." Mama alizaliwa huko juu, kwenye vilima vya Makueni, akaolewa huku chini kwenye joto na mbuzi. Susu, yaani nyanya yangu mzaa mama, alikuwa na ugonjwa wa miguu, hakuweza kusafiri kuja kumlilia mjukuu wake. Mama na mamake walikuwa wameomboleza kila mmoja peke yake.

Nilidhani baba atakataa, kwa sababu kiangazi ndicho kipindi cha kuhangaikia maji. Badala yake aliuliza, "Tukienda mapumziko ya nusu muhula, tutapitia wapi?" Mama akamweleza njia. Kesho yake baba akataka kujua kama ng'ombe wa huko hulala nje na baridi hiyo. Keshokutwa akauliza kabichi hupandwa upande gani wa kilima, na kwa nini moshi wa huko hauinuki. Jioni baada ya jioni majibu ya mama yalirefuka. Alieleza mikono yake ikichora miteremko hewani, na chai ikapoa mbele yake. Mimi nilishangaa, maana baba alikuwa amepanda vilima vile mara nyingi wakati wa kuposa, na kisa cha alivyoteleza kwenye tope mbele ya wakwe kilisimuliwa kila Krismasi. Nilimfuata zizini nikamwuliza, "Baba, si wewe unajua njia?" Alikuwa akifunga lango kwa matawi ya miiba. "Naijua," akasema bila kugeuka. "Lakini nyamaza, mwanangu. Wacha aniambie."

Ilibaki shida ya mifugo. Jirani yetu Mama Halima, mwenye duka, ambaye jamaa zake walitoka kaskazini mashariki wakifuata biashara ya mbuzi, alisikia habari akaja na masweta mazito mikononi. "Haya ni ya wasichana wangu," akasema. "Hapa Mutomo nani atayavaa? Nondo tu." Mama akamwuliza, "Na mbuzi, na maji?" Mama Halima akacheka. "Mbuzi ni watu wetu hao. Nenda, dada. Kaa na mama yako. Mungu akipenda utawapata wamenona." Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali; lakini siku ile jirani wa karibu ndiye aliyetupeleka kwa ndugu wa mbali.

Tulifika Nunguni mchana. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba, mikaratusi ikidondosha maji ingawa mvua haikunyesha, na meno yangu yaligongana nikacheka kwa ugeni wake. Susu alikuwa ameketi mlangoni amejifunika blanketi. Hakutusalimu. Alilifungua blanketi akamwingiza mama ndani, kama mtu anayepokea mtoto aliyelowa. Ndipo mama akalia, kilio kikubwa ambacho hakukitoa hata kaburini. Baba alinishika mkono. "Twende tuone kabichi," akasema. Tuliporudi, walikuwa kando ya moto wakimenya viazi. Mama aliinua macho akasema, "Mutinda angeupenda ukungu huu." Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina lake tangu tulipomzika.

Tulikaa siku chache tu. Jumapili iliyofuata, kanisani Mutomo, nilisikia sauti pembeni yangu ikiinua wimbo, nikaogopa kugeuka isije ikanyamaza.

Siku hizi naishi mjini Kitui, na safari ile ni jambo dogo. Mwezi wa sita mwaka huu niliwapeleka wanangu Nunguni. Tuliipanga tukinywa chai, simu ikatuambia baridi ya huko kabla hatujafunga mifuko. Siudharau wepesi huu. Enzi zile ungalikuwepo, mama asingalikaa miezi bila kumsikia mamake. Ila naona sasa kwamba maandalizi yale marefu yalifanya kazi ambayo safari peke yake isingaliweza, na kila nikimkumbuka baba akiuliza habari za kabichi, moyo wangu hushukuru. Susu alishatangulia. Mama Halima na watu wake walihamia mbali. Baba yupo, masikio yamekuwa mazito. Na mama, akinipigia simu, huanza na mbuzi, akapitia kwa wagonjwa wa kanisa, akaingia kwa majirani, na wanangu hucheka kwamba susu wao hajui kumaliza. Mimi huketi nikasikiliza mpaka chaji iishe.