Ngumi ya Rudo Mlangoni

Tuwekeane dau la bakuli la tambi lenye yai juu: hakuna atakayeamini kwamba mtu mzima, mwenye masharubu yake, alifungiwa chumbani na mwanamke kwa sababu ya roboti.

Mtu mwenyewe ni Hatozaki Giichi, mchoraji wa manga, vile vitabu vya Kijapani vya hadithi za picha. Chumba kilikuwa katika nyumba ya wageni iliyochakaa pale Kanda, Tokyo. Mchoraji akichelewesha kurasa, wachapishaji wanamfungia ndani kama samaki wa kopo, mhariri anapiga kambi koridoni mpaka kazi iishe. Mhariri wake, Bi Munakata, mwembamba kama kalamu, alishamnyang'anya simu na kuamuru hata televisheni itolewe.

"Sensei," alimwita kwa heshima, kama mtu anayemwita mwalimu, "saa sita mchana kurasa zinakwenda kiwandani. Muue Rudo tukalale."

"Rudo hafi."

"Alikufa miaka ishirini iliyopita! Nchi nzima iliona!"

Na kweli iliona. Kwenye katuni ya televisheni, ile ya maroboti ya vita makubwa kama maghorofa, Rudo alikuwa rubani mdogo tu wa upande wa adui. Mwisho wake ulikuwa mfupi: ngumi yenye glavu inagonga mlango wa chuma wa roboti, halafu mlipuko. Basi. Hatozaki alipewa kazi ya kusimulia hadithi ileile upya, safari hii kwa macho ya Rudo. Sharti la wenye katuni lilikuwa moja: kilichoonekana kwenye televisheni kisiguswe.

Sasa Hatozaki alishampa Rudo mama, mbwa, na kikohozi cha asubuhi. Unamuuaje mtu uliyempa kikohozi? Tena kwa ule mdomo wake, alishautangazia mtaa mzima kwamba Rudo atapona, la sivyo ananyoa masharubu.

Alizitandaza sakafuni picha za katuni alizopewa na wenyewe, nakala za mashine, nyeusi na nyeupe. Ngumi. Chuma. Moshi. Alizigeuza, akazilaza, akazilalia. Dirisha lilikuwa na nondo. Hewa ilinuka wino na soksi. Akajiona yeye ndiye aliye ndani ya lile roboti, na kila ukurasa mweupe ni mlango mwingine. Kwa hasira akasukuma kabati likaziba mlango. Kama ni kufungwa, basi wafungwe wote.

Bi Munakata akarudi na vitonge vya wali. Kitasa kikazunguka, mlango haukusogea.

"Sensei! Fungua!" Akaanza kugonga kwa ngumi. "Sensei, nitafukuzwa kazi! Fungua, mzee wa masharubu wee!"

Hatozaki akautazama mlango unavyotikisika. Akaitazama picha. Akautazama mlango tena.

"Gonga tena!"

"Una wazimu?"

"Gonga, mama, gonga kwa nguvu!"

Anayegonga si lazima awe ndani! Rudo alikuwa nje, anagonga amtoe mwenzake! Ndani alikuwa nani? Kapteni wake wa kwenye katuni, mkorofi mmoja ambaye baada ya kipindi kile hakuonekana tena, na watazamaji wakabaki wanaulizana kaenda wapi. Mlipuko unamrusha Rudo kwenye maji, anaibuka anakohoa. Hakuna kilichoguswa!

Akachora kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Kabla ya saa sita aliondoa kabati, akamkabidhi Bi Munakata kurasa. Yule mama alisoma palepale koridoni, akafuta jicho, akasingizia wino. Wenye katuni wakalinganisha na nakala zao za mashine, wakapiga muhuri.

Siku kitabu kilipotoka, Hatozaki aliingia kwenye duka la tambi masharubu yameng'aa mafuta. "Nani alisema atakufa? Ajitokeze nimsamehe!" Watu wakacheka, wakampigia makofi. Mwenye duka, kwa heshima yake, akaweka kile kipindi cha zamani kwenye televisheni ya ukutani.

Ikafika ngumi. Kwa rangi.

Glavu ilikuwa inamulikwa nyekundu, inawaka, inazima, inawaka. Ile taa Hatozaki aliijua. Aliichora mwenyewe katika sura ya kwanza, juu ya kiti cha rubani.

"Kula, sensei, tambi zinalowa," akasema mwenye duka.

Hakuna mwingine aliyeona. Taa nyekundu iko ndani tu. Rudo alikuwa ndani. Alipomchora nje, Hatozaki alikosea.