Udongo kwenye Ndoo

Mama alinituma paka. Duka letu la nafaka liko mbele ya nyumba, hapa Kilwa Masoko, na mwaka ule panya walikuwa wamehamia kabisa kwenye magunia ya ufuta. Mama hakutaka sumu, kuku wa jirani wasije wakaila. Akasema niende kwa yule mzee wa Nangurukuru anayeokota wanyama, nichague paka jike asiye na kelele. Nikaondoka asubuhi na kikapu chenye mfuniko, nikarudi mchana na mbwa.

Yule mzee alikuwa bwana mifugo kabla hajastaafu. Nyuma ya nyumba yake kuna mabanda ya mbwa na paka, wengi wao waliogongwa na magari wakigombea mifupa kwenye vibanda vya chakula pale njia panda. Paka walikuwapo, wazuri tu. Lakini kwenye banda la mwisho kulikuwa na mbwa jike wa rangi ya mchanga, mguu wake mmoja wa nyuma umeunga vibaya. Wenzake walibweka, yeye hakubweka. Alikuja akaegemeza ubavu kwenye wavu, hapo hapo niliposimama, akatulia. Nina miaka mingi tangu niachike, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho kiumbe chochote kiliniegemea. Nikasahau habari ya paka.

Mzee hakuwa mwepesi kumtoa. Alinieleza kwamba mbwa huyo alishachukuliwa na familia moja, akarudishwa kwa sababu bibi wa nyumba hakumtaka, na aliporudi alisusa chakula mpaka ikabidi alishwe uji kwa mkono. Akirudishwa tena, alisema, huyu hatapona. Kisha akaniuliza jambo moja tu.

"Nyumbani wote wamekubali?"

"Wamekubali, mzee."

Wote maana yake ni mama peke yake, na mama wakati huo alikuwa kibarazani akisubiri paka.

Aliponiona nashuka kwenye bajaji na yule mnyama hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Aliuliza tu kama huyo ndiye paka mwenyewe, nikacheka, nikajikuta nacheka peke yangu. Kwetu hajawahi kufugwa mbwa. Mate yake ni najisi, na chombo alichotia ulimi huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Kila mtoto wa hapa analijua hilo kabla hajajua kusoma. Nikamsimulia mama yote, kugongwa, kurudishwa, uji. Aliendelea kuchambua choroko zake mpaka akazimaliza.

"Akae nje, nyuma ya ukuta, asivuke mlango wa uani," akasema. "Siku akitia mdomo kwenye maji yangu, arudi alikotoka."

Nikaapa. Mimi kwa kuapa sijambo.

Mbwa alikaa nje kwa adabu kuliko wapangaji tuliowahi kuwa nao. Panya waliendelea kula ufuta bila wasiwasi wowote. Mama hakumgusa wala kumwita, lakini baada ya muda nikaona vichwa vya samaki vinarushwa juu ya ukuta, naye akiulizwa anasema anatupa taka. Nilianza kujipongeza. Nikajiambia, unaona, nilijua atazoea.

Halafu maji ya bomba yakakatika. Uani tulibakiwa na ndoo moja, imewekwa kivulini kwa matumizi ya mama. Mchana ule nilikuwa naingiza magunia kwa mlango wa uani, nikauacha wazi kwa sababu mikono ilikuwa imejaa, na kwa sababu mimi ni mzembe. Niliporudi nilikuta kichwa cha mbwa kiko ndani ya ndoo. Alikuwa anakunywa taratibu, amefumba macho. Sikuwa nimemwekea maji tangu jana yake.

Nilimtoa mbio. Sijamaliza hata kufunga mlango, adhana ya alasiri ikasikika, na mama akaniita kutoka chumbani nimtilie maji atawadhe. Magoti yake hayamruhusu kuinama na ndoo. Kila siku mimi ndiye ninayemjazia birika.

Nilisimama na kata mkononi. Jirani alikuwa na pipa limejaa, ilikuwa ni kupiga hodi tu. Lakini mama angeuliza ya ndoo yana nini, na mbwa angerudi Nangurukuru kwenda kufa. Basi nikachota kwenye ndoo ileile, nikajaza birika, nikampelekea.

Alitawadha polepole, mikono, uso, miguu, nami nimesimama namtazama. Alipomaliza kuswali aliomba dua kwa sauti, kama kawaida yake, akamwombea marehemu baba, akaniombea mimi. Siku ile akaongeza jambo. Alimwomba Mungu amsamehe kwa ugumu wa moyo aliomwonyesha yule kiumbe aliye nje. Nilikwenda dukani nikakaa juu ya magunia. Nilijiona mchafu, na wala si mimi niliyejimiminia yale maji.

Nikaona nirekebishe ninachoweza. Niliyamwaga maji, nikaiosha ndoo mara saba, mara moja kwa udongo mwekundu, nikaosha na kata na birika, nikaomba maji kwa jirani. Jua lilipokuwa linazama mama akatoka uani. Akaiangalia ndoo. Pale mpini unaposhika, kwenye kitundu, udongo ulikuwa umebaki.

"Amekunywa lini?" akauliza.

Nikamwambia. Alivua kanga na gauni, akajifunga shuka, akakaa juu ya kigoda, akaniagiza udongo. Kila mahali maji yale yalipopita palitakiwa kuoshwa. Mimi nilimimina, yeye akajipaka mwenyewe udongo mikononi, miguuni, halafu usoni, mama yangu, mtu mzima wa umri ule, macho ameyafumba ili usiingie. Nikamimina tena, na tena. Nililia, hakunikataza. Akatawadha upya, akarudia alasiri yake, ndipo akaswali magharibi.

Alipokunja msala nilimwambia kesho nitamrudisha mbwa. Nilitaka niadhibiwe, hata kama atakayeadhibiwa ni mwingine.

"Mbwa alikuwa na kiu," akasema. "Wewe ulikuwa na nini?"

 

Mbwa hajarudishwa. Kesho yake mama aliweka sufuria kuukuu nje ya mlango, na kila asubuhi anauliza kama imejazwa. Wakati mwingine namsikia anamsemesha kupitia ukuta, anamlalamikia joto na bei ya samaki. Ananisemesha na mimi pia, tunakula pamoja, tunacheka. Ila adhana ikilia anachukua mkongojo, anakwenda mwenyewe hadi kwenye ndoo, anainama kwa shida akichota kidogo kidogo mpaka birika lijae. Nikinyoosha mkono kumsaidia, ananiambia kwa upole niendelee na kazi zangu.