Vioo Nilivyovisugua kwa Jivu

Mwanangu, nakumbuka vizuri siku niliyosugua vioo vya mwalimu wa fizikia kwa jivu, na hadi leo nikiikumbuka, damu inanichemka. Nimeshazeeka, hasira hii ilipaswa kupoa. Haijapoa.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa binti wa kuosha vyombo vya maabara katika shule moja ya sekondari huku Karagwe, nikiishi Igurwa kwa shangazi yangu. Mwalimu alikuwa ameniahidi kwamba wakaguzi wakiridhika na maabara, ataniombea nafasi ya kusomea ufundi wa maabara. Nafasi hiyo niliitaka kuliko kuolewa, na wachumba walikuwepo, usinicheke.

Siku moja kabla ya wageni hao kufika, mwalimu akaniambia, "Hakikisha kila kitu kinang'aa," akaenda zake mjini Kayanga. Mezani nikakuta vioo vitatu vyenye ukungu wa kahawia, kama masizi. Unajua nyumbani kwetu: mgeni akikuta sufuria ina masizi, aibu ni ya binti wa nyumba. Nikachukua jivu na jani kavu la mgomba, nikasugua mpaka vikawa vyeupe kabisa. Nikavipanga kwa mbwembwe.

Kesho yake, mbele ya wakaguzi, mwalimu akapaka juu ya vioo rangi ya njano, ile inayowaka ikimulikwa, akafunga madirisha, akamulika kwa tochi aliyoifunika nailoni ya buluu. Rangi ikatoa mwanga wa kinyonge. Akageuka.

"Nani kagusa vioo vyangu?"

"Mimi, mwalimu. Vilikuwa vichafu sana, nimevisugua."

"Vichafu? Ile ilikuwa fedha, madini ya fedha! Wiki tatu nimehangaika nayo!"

Mkaguzi mmoja akacheka, akasema mimi nirudishwe jikoni kwenye masufuria. Nafasi yangu ikaishia hapo.

Nyumbani nililia kwa hasira. Mwalimu hakuniambia kitu! Shangazi akaniacha nimalize, kisha akauliza, "Na wewe ulimuuliza?" Nikakiri kwamba sikumuuliza. Lakini shangazi hakuishia kwangu. Asubuhi alijifunga kitenge chake cha kanisani tukaenda shuleni.

"Shikamoo, mama," mwalimu akasema.

"Marahaba. Huyu mtoto ulimwambia vile vioo vina nini?"

Mwalimu akatazama dirishani. "Hapana. Nilidhani hataelewa."

Hataelewa! Umesikia, mwanangu? Shangazi akavuta kiti akakaa, akamwambia aeleze basi, tusikie wote. Akaeleza, wala haikuchukua muda. Ule ukungu ni chembe za fedha, ndogo hata jicho halizioni moja moja. Rangi ikikaa karibu nazo bila kuzigusa, chembe zinauchota mwanga na kuipa rangi nguvu, nayo inawaka zaidi. Ikizigusa kabisa, fedha inaumeza mwanga wote. Ndiyo maana juu ya fedha alikuwa amepaka utando mwembamba wa kuitenga na rangi, nao niliusugua pamoja na fedha. Nilielewa yote nikiwa nimesimama mlangoni na ndoo. Hata shangazi, ambaye hakumaliza darasa la pili, alielewa.

Tulitengeneza vioo vingine, mimi na mwalimu, na safari hii rangi iliwaka mpaka nikapiga kelele. Akaniombea tena ile nafasi, nikaipata mwaka uliofuata. Nimestaafu nikiwa mkuu wa maabara, na miaka yote hiyo kila kioo cha aina ile nilikibandika karatasi kwa mkono wangu: "SI UCHAFU. NIULIZE NIKUELEZE."

Basi shika hili. Usisugue usichokijua, uliza kwanza, hata wakikuona mshamba. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mkubwa, usithubutu kumpa mtu kazi ukamnyima maana yake, halafu umcheke akikosea. Ukifanya hivyo nikiwa hai, nitajifunga kitenge nikufuate ofisini.

Mungu akupe mdomo wa kuuliza na moyo wa kueleza. Akuweke karibu na watu watakaokufanya uwake, na akuepushe na watakaoumeza mwanga wako.